KAZI YA MTOTO IFANYWE NA MTOTO

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Wengi wetu tuisikiapo methali hii twadhani kwamba yahusu adabu peke yake: jinsi ya kuamkia wakubwa, kuketi vizuri na kutojibizana na wazazi. Lakini vidole navyo hukunjwa vingali vibichi. Mtoto ambaye hajawahi kufinyanga kitu, kurarua karatasi wala kufunga fundo, siku atakapopelekwa nasari na kupewa penseli, utamwona ameikamata kwa ngumi kama mwiko wa kusongea ugali. Usimcheke wala usimwite mjinga. Vidole vyake havijazoea kazi, basi.

Nia yangu katika makala haya ni kueleza kazi chache rahisi za mikono ambazo mtoto wa miaka mitatu hadi saba anaweza kuzifanya kwa vitu vilivyomo nyumbani. Kazi zote nitakazozitaja nimezifanya na kitinda mimba wetu, aliye na umri wa miaka mitano, pamoja na watoto wa majirani. Wakati wa likizo mama hurauka kwenda sokoni, nami nikiwa kifungua mimba huachiwa ulinzi wa nyumba na watoto. Ndugu msomaji, ukiachiwa watoto wanne kuanzia asubuhi hadi saa kumi, ama uwatafutie la kufanya, ama wakutafutie wewe!

Kabla sijaingia katika kazi zenyewe, kuna jambo moja linalonikera. Mtaala wa umilisi, ambao ulianza rasmi katika madarasa ya awali na ya chini nchini mwetu mwaka wa 2019, huwataka watoto wabuni na kutengeneza vitu. Wazazi wengi wamelalamika kuwa hayo ni mambo ya gharama. Ati ni lazima kununua karatasi za rangi, gundi ya dukani na rangi za kupaka. Kisha mzazi akishaingia gharama hizo huogopa kumwachia mtoto aziharibu, kwa hivyo hukaa chini usiku akaifanya kazi yeye mwenyewe.

Mtaani kwetu kuna mtoto aliyeagizwa apeleke shuleni gari la kuchezea. Babaye akaenda kwa seremala. Gari likaja limepigwa msasa, limepakwa rangi nyekundu, linang'aa utadhani limetoka kiwandani. Siku hiyo mtoto akasifiwa na kupigiwa makofi. Jioni nilipomwona nilimwuliza, "Hebu niambie, haya magurudumu uliyashikishaje?"

Akanitazama, kisha akasema, "Kaka, mimi sijui. Muulize fundi."

Unaona? Aliyejifunza kazi siku ile ni seremala, naye alikuwa anaijua tayari. Ndiyo sababu nikaweka sheria moja, nayo ndiyo msingi wa makala haya: kazi ya mtoto ifanywe na mtoto. Mkubwa kazi yake ni kukata pagumu, kupasha moto na kulinda. Mengine yote amwachie mwenye kazi, hata kama gari litakwenda upande.

Jambo hili si geni. Mjerumani mmoja kwa jina Friedrich Fröbel alianzisha mafunzo ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg mwaka wa 1837, na miongoni mwa masomo yake yalikuwa kukunja karatasi, kusuka na kufinyanga. Wazazi wetu waliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, walifunzwa sanaa na kazi za mikono katika shule za msingi. Na kabla ya hayo yote, watoto wa wafugaji walikuwa wakifinyanga ng'ombe wa udongo huku wakichunga ng'ombe halisi, na hakuna aliyewanunulia chochote.

Sasa tuingie kazini.

1. Kufinyanga

Hii ndiyo kazi ya kwanza kumpa mtoto, kwa sababu haihitaji chombo chochote ila mikono. Chukua vikombe viwili vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha chumvi, uvichanganye vikiwa vikavu. Tia kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia. Kisha mimina maji kidogo kidogo, yasizidi kikombe kimoja, huku mtoto akikanda. Ukiona donge linashika vidole, ongeza unga. Likipasuka pasuka, ongeza maji. Donge likilainika kama la chapati, liko tayari. Chumvi hulifanya lisiharibike upesi. Ukilifunika katika mkebe, litakaa siku kadhaa.

Lakini ukweli usemwe: unga ni chakula. Katika nyumba ambayo unga hupimwa kwa kikombe ili utoshe hadi mwisho wa mwezi, kumpa mtoto vikombe viwili achezee ni kumwudhi mama bure. Basi tumia udongo. Udongo wa mfinyanzi wa kando ya mto ndio bora, na hata wa kichuguu hufaa. Upepete ili utoe mawe na mizizi, utie maji kidogo, ukande vizuri. Mtoto hatajua tofauti, na pengine ataupenda zaidi.

Mwanzo usimwambie afinyange nini. Mwache kwanza abonyeze, atoboe na kuviringisha. Baadaye mwombe akutengenezee nyoka, kisha mayai, kisha kiota cha kuyatia mayai hayo. Nyoka humfunza kuviringisha kwa kiganja, yai kuviringisha kwa ncha za vidole, na kiota kubonyeza kwa kidole gumba. Hizo ndizo nguvu atakazozihitaji ashikapo kalamu.

2. Gundi ya unga na bakuli la magazeti

Gundi ya dukani haina lazima. Koroga vijiko viwili vikubwa vya unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha kikombe kimoja cha maji katika sufuria, umimine ule mchanganyiko humo huku ukikoroga bila kupumzika. Dakika chache tu utaona umekuwa mzito kama uji wa mgonjwa. Epua, uache upoe kabisa. Hapa jikoni mtoto atazame kwa mbali, maana uji huu huunguza kama uji mwingine wowote. Gundi hii hukaa siku mbili au tatu, kisha huchacha.

Sasa mpe mtoto gazeti la zamani alirarue vipande vyembamba. Usimpe makasi. Kurarua kwenyewe ni mazoezi, kwani mkono mmoja huvuta na mwingine hushikilia. Chukua bakuli la plastiki, ulifunike kifudifudi na kulipaka mafuta kidogo kwa nje. Mtoto achovye kila kipande katika gundi na kukibandika juu ya bakuli mpaka lisionekane. Liache likauke, kesho abandike tabaka la pili, na keshokutwa la tatu. Yakifika manne au matano na kukauka vizuri, ling'oe bakuli la plastiki taratibu. Mtoto atabaki na bakuli lake la karatasi la kuwekea vifungo au penseli.

Kazi hii huchukua karibu wiki nzima, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Mtoto aliyezoea kubonyeza simu na kupata picha papo hapo hujifunza kusubiri. Kitinda mimba wetu alikuwa akiamka na kukimbilia dirishani kuligusa bakuli lake kabla hata ya kunawa uso. "Kaka, limekauka?" "Bado." "Na sasa?" Subira huvuta heri, wamesema wahenga, lakini methali hiyo huingia vizuri zaidi kichwani mwa mtoto mwenye bakuli dirishani.

3. Chapa za mboga

Mama akikata mboga, mwombe vichwa na mabaki. Bamia likikatwa kwa upana hutoa umbo la ua au nyota. Kitunguu hutoa duara ndani ya duara. Kiazi kilichokatwa nusu waweza kukichonga pembe tatu au mraba. Kazi hiyo ya kisu ni yako.

Kwa rangi, chemsha vipande vya bitiruti katika maji kidogo, upate nyekundu ya zambarau. Manjano ya kupikia ikikorogwa na maji hutoa rangi ya dhahabu. Majani ya sukuma wiki yakitwangwa na kukamuliwa hutoa kijani, na makaa yakisagwa hutoa nyeusi. Ukichanganya kila rangi na gundi kidogo ile tuliyoipika, itashika karatasi vizuri. Mtoto achovye mboga na kugonga karatasi.

Anapogonga, mfunze kupanga: nyota, duara, nyota, duara. Kisha mwulize, "Inayofuata ni gani?" Huo, ndugu msomaji, ni mwanzo wa hisabati. Tahadhari moja tu: manjano na bitiruti haziondoki upesi katika nguo. Mvishe shati kuukuu asije akakugombanisha na mama.

4. Kusuka

Kwetu Mwatate mashamba ya mkonge yametanda, na nyanya yangu husuka vikapu vya katani. Siwezi kusema nitakufunza kikapu cha nyanya katika ukurasa mmoja, lakini mwanzo wake ni mwepesi. Chukua karatasi ngumu, kwa mfano ya jalada la daftari kuukuu. Ikunje mara mbili, ukate mistari kuanzia kwenye mkunjo bila kufika ukingoni, kisha uikunjue. Kata vipande vingine virefu vya rangi tofauti. Mtoto apitishe kila kipande juu, chini, juu, chini. Kipande kinachofuata kianze chini, juu, chini, juu. Akimaliza atakuwa na mkeka mdogo.

Mtoto wa miaka sita aweza kusuka nyuzi tatu. Funga pamoja vipande vitatu vya kitambaa au katani katika mguu wa kiti, kimoja chekundu, kimoja cheupe na kimoja cheusi ili asichanganyikiwe. Wa kulia uje kati, wa kushoto uje kati, hivyo hivyo hadi mwisho. Kule pwani wasusi huanza na ukili wa miyaa namna hiyo kabla ya kushona mkeka au mkoba. Hivyo mtoto hajifunzi mchezo tu. Anajifunza herufi za kwanza za ufundi unaolisha watu.

5. Mpira, mwanasesere na gari

Zamani kila mtoto wa Kenya alijua kutengeneza mpira kwa mifuko ya nailoni. Lakini mifuko hiyo ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na kwa kweli ni heri, kwa maana mitaro ilikuwa imeziba. Mpira haukufa. Chukua soksi isiyo na mwenzake, uijaze matambara hadi iwe ngumu, funga mdomo, kisha uizungushie kamba ya katani au ganda kavu la mgomba. Mtoto ajaze na kushindilia. Wewe umsaidie fundo la mwisho.

Mwanasesere naye hutokana na gunzi la mahindi. Mviringo wa tambara uliofungwa juu huwa kichwa, nywele za mahindi huwa nywele kweli, na kipande cha leso kuukuu humvisha. Tafadhali, wavulana pia wapewe kazi hii. Atakayeijua sindano na uzi hatavaa shati lisilo kifungo.

Kuhusu gari, chukua katoni tupu ya maziwa, uioshe vizuri na kuikausha. Hiyo ndiyo bodi. Magurudumu hukatwa kutoka ndara iliyokatika, na ekseli ni vijiti viwili vilivyonyooka. Wewe kata magurudumu na utoboe matundu kwa msumari. Kupanga, kupitisha vijiti na kujaribu kama linakwenda, hayo ni ya mtoto. Likigoma, usilishike. Mwulize, "Wadhani limekwama wapi?" Akigundua kwamba gurudumu linagusa bodi, amejifunza jambo ambalo gari la seremala halingemfunza kamwe.

Na asikudanganye mtu kuwa ndara kuukuu ni takataka tu. Huko Lamu mafundi waliunda jahazi liitwalo Flipflopi kwa plastiki zilizokusanywa, na kulipamba ubavuni kwa maelfu ya ndara. Lilizinduliwa mwezi wa Septemba mwaka wa 2018, na mwaka wa 2019 likasafiri baharini kutoka Lamu hadi Unguja. Ikiwa ndara zimefika Unguja, haziwezi kushindwa kufika mlangoni pako!

Mambo ya kuchunga

Furaha isitutie upofu. Kuna mambo ambayo mwenye kulinda watoto hana budi kuyazingatia.

Kwanza, mtoto wa chini ya miaka mitatu asiachiwe vitu vidogo kama visoda, vifungo, shanga na maharagwe. Hivyo vyote huishia kinywani au puani, na vyaweza kumpalia hata kumwua. Yeye mpe karatasi za kurarua na udongo, nawe ukae karibu.

Pili, unga uliotiwa chumvi usiliwe. Chumvi ile ni nyingi mno kwa mwili mdogo. Waambie watoto mapema, na wakimaliza wanawe mikono.

Tatu, betri si kitu cha kuchezea, kubwa wala ndogo. Zile ndogo za saa ni hatari kupita zote: mtoto akiimeza huunguza koo lake kwa ndani, na apaswa kukimbizwa hospitali mara moja.

Nne, usitumie kamwe mkebe au chupa iliyokuwa na dawa ya wadudu, mafuta ya taa au dawa ya kuua panya, hata kama imeoshwa mara kumi. Vyombo vya kazi yetu viwe vile vilivyokuwa na chakula.

Tano, wembe na kisu viwe mkononi mwa mkubwa. Mtoto wa miaka minne na zaidi aweza kupewa makasi madogo yenye ncha butu, akate akiwa ameketi. Mifuko laini ya plastiki nayo iwekwe mbali, isije ikavaliwa kichwani.

Namna ya kumsifu mtoto

Jambo la mwisho ni ulimi wetu. Mtoto akikuletea ng'ombe wake wa udongo mwenye miguu mitatu, usicheke wala usiukamate ukamwongezea mguu wa nne. Ukifanya hivyo, ng'ombe huyo si wake tena. Mwambie, "Nieleze habari za ng'ombe huyu." Mimi niliwahi kuambiwa kwamba mguu mmoja haupo kwa sababu ng'ombe amelala juu yake! Ningalimrekebisha, nisingalisikia hadithi hiyo, na yeye asingalipata nafasi ya kuitunga kwa Kiswahili safi. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili twapaswa kulijali hilo, maana msamiati wa kukanda, kusuka, kuchovya, kushindilia na kupepeta hauingii kichwani kwa kukariri kamusi. Huingia kupitia mikononi.

Vilevile usimlazimishe amalize. Mtoto wa miaka mitatu akifanya kazi dakika kumi amefanya kazi. Akichoka, kusanyeni vitu pamoja, mfagie na kuweka kila kitu mahali pake. Kufagia nako ni kazi ya mikono, tena mama akirudi na kukuta nyumba safi, kesho atakupa bamia bila kuombwa.

Mpenzi msomaji, likizo i karibu. Ukifika nyumbani utakuta katoni, magazeti, ndara iliyokatika na soksi iliyopoteza mwenzake. Utamkuta pia ndugu mdogo, mpwa au mtoto wa jirani anayezungukazunguka akisema hana la kufanya. Waweza kumwashia runinga ili upate raha yako, na hakuna atakayekulaumu. Lakini waweza pia kumpa donge la udongo, ukaketi kando yake na mikono yako ukaikunja. Huko kukunja mikono ndiko kugumu kwetu sisi wakubwa. Ukikuweza, mtoto atakapoulizwa magurudumu yalishikishwaje, hatamtaja fundi. Atakueleza mwenyewe, tena kwa kirefu.